Gunnvor na Bomba la Bergsvingen

Kwenye chumba chetu cha kahawa, pale karakana ya idara ya maji, kuna cheti kimetundikwa ukutani ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Kinasema mji wetu umepunguza maji yanayopotea ardhini kutoka asilimia arobaini na moja hadi kumi na tisa. Chini kabisa kuna jina la mkurugenzi, Eirik Stubberud, bwana aliyetujia kutoka kusini na viatu vya ngozi vya kung'aa, mwezi wa Novemba, juu ya barafu. Jina la Gunnvor Sletteng halimo. Nakiona cheti hicho kila asubuhi, na kila asubuhi kinanichefua.

Msidhani nalalamika kwa sababu nilimpenda Gunnvor. Sikumpenda hata chembe. Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo alinikaa kooni. Yeye alikuwa msikilizaji wa mabomba, mimi Torleif ni dereva wa katapila. Yeye akisema chimba hapa, mimi nachimba. Hebu fikirini: mwanamume mzima na mashine ya tani kumi na nne, nimezima injini, nimekunja mikono, nangoja mwanamke mwenye kofia ya sufu aliyojifumia mwenyewe ainamie lami na kijiti sikioni.

Kazi yenyewe ni hivi. Maji yakitoroka kwenye bomba lililopasuka yanapiga kelele, ila kelele hiyo iko mita mbili na nusu chini, kwa maana huku kaskazini ya Norwe bomba lisipolazwa kina hicho baridi inalifuata na kuligandisha. Gunnvor alikuwa na fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao juu. Anaisimamisha barabarani, anaweka sikio, anafumba macho. Alipenda kufanya hivyo Jumapili asubuhi, watu wote wakiwa ndani wanatazama mbio za kuteleza kwenye theluji katika televisheni, barabarani hakuna hata gari. Akishasikia anatoa kopo la rangi nyekundu, anapiga alama ya msalaba. Mara tisa kati ya kumi nilikuta maji yanaruka palepale aliposema. Hilo nalo lilinikera.

Alizaliwa bondeni kwenye shamba la mbuzi, mtoto wa nne kati ya sita. Alikuja idara ya maji akiwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yake kupanga mafaili, na baada ya miaka saba mzee mmoja msikilizaji akamwona ana sikio akamfundisha. Wanaume wa karakana hawakufurahi. Siku ya kwanza aliyotoka nasi kazini, walimjazia samaki wa chumvi kwenye mabuti yake. Alivaa mabuti hivyohivyo, samaki na yote, akafanya kazi mpaka saa kumi jioni, kisha akaja kukaa karibu na hita ya chumba cha kahawa. Tulitoka sote nje kwa harufu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemchezea tena.

Hakuolewa. Alikaa peke yake katika nyumba ndogo ya manjano, akateleza kwenye theluji peke yake, akaongea kidogo, na kila alichoongea kilikuwa na kona. Mwaka wake wa pili wa kusikiliza mabomba alisema mbele ya wote kwamba Torleif amefukia shimo bila kuweka mchanga chini ya bomba. Ilikuwa kweli. Lakini ukweli una mahali pa kusemewa, na si pale mbele ya wenzangu nikiwa na mkate mdomoni.

Karakana yetu ina desturi. Ukifanya kosa unaleta keki siku ya Ijumaa, na kosa kubwa kuliko yote ni shimo kavu: umesema hapa panavuja, barabara imevunjwa, na bomba lililopo chini ni zima kabisa. Gunnvor alileta keki labda moja kwa mwaka. Alizipika mwenyewe na alikuwa mpishi mbaya. Wenzangu walikuwa wakizila kwa furaha kuliko keki za dukani, si kwa utamu.

Sasa huyo Stubberud. Alipofika alitukusanya, akatuonyesha picha ukutani. Idara za maji za miji yote zimepewa rangi, za kijani, za njano, nyekundu. Sisi tulikuwa wekundu kama kamba aliyechemshwa. Alisema maji yetu ni mali ya wananchi na hatuna wa kumsingizia, na kwamba karibu nusu ya maji tunayosafisha tunayamwaga ardhini. Hapo alisema kweli, na mimi sikumpendea hilo pia. Akagawa mji kanda kumi na mbili, kila kanda akaifungia kipimo kwenye bomba kubwa la kuingilia. Baada ya mwezi mmoja ikajulikana kanda zote zina afadhali, isipokuwa ya saba. Kanda ya saba ilikuwa ikinywa lita sita kila sekunde, hata saa ambazo watu wote wamelala.

Akamkabidhi Gunnvor kanda ya saba. Akamwambia bila kumung'unya maneno: kampuni moja inauza vifaa vinavyosikiliza vyenyewe, na baraza la mji limeuliza kwa nini tunamlipa mtu kwa kazi hiyo. Akiipata ile lita sita kabla ya Pasaka, nafasi yake inabaki. Asipoipata inafutwa, na yeye anarudi kwenye mafaili. Gunnvor alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakujua kazi nyingine wala hakutaka.

Mimi niliisikia habari hiyo nikiwa nimeshika kikombe, nikakiweka mezani bila kunywa. Kwa sababu lita sita za kanda ya saba nilizijua. Nilikuwa nazijua tangu mwaka themanini na nne.

Nitasema yote, kwani hakuna cha kuficha tena. Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mkuu wangu wa kazi alikuwa Aslak Nymo, ambaye sasa ni marehemu. Tulikuwa tunalaza bomba mtaa wa Bergsvingen, mwishoni mwa Septemba. Mwanzo wa mtaa kulikuwa na changarawe, tukateremka vizuri, mita mbili na nusu. Halafu tukagonga mwamba. Mwamba unataka baruti, na mtu wa baruti alikuwa mji wa jirani, hawezi kuja mpaka baada ya wiki. Na Jumanne ile ulikuwa unafunguliwa msimu wa kuwinda elg, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu. Mtu wa huku anaweza kukosa harusi ya dada yake, lakini siku ya kwanza ya elg hakosi. Aslak alitazama mwamba, akatazama saa, akasema tulaze juu yake, tufukie, twende. Mita mia moja na arobaini za bomba zikalala kina cha kiuno. Katika kitabu cha idara Aslak akaandika mita mbili na nusu kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho. Mimi nilisimama pembeni yake na bunduki tayari garini.

Januari iliyofuata bomba liliganda. Ofisini walisema ni baridi ya ajabu, haijapata kutokea, na wakawaambia watu wa Bergsvingen wafungulie bomba la jikoni kidogo, maji yatembee, yasigande. Watu wakafungulia. Huku kwetu nyumba hazina mita, mtu analipia maji kwa ukubwa wa nyumba yake, basi ukiyaacha yakimbie huna hasara. Mwaka uliofuata wakafungulia tena, na uliofuata, uzi wa maji unene wa penseli, mchana na usiku, Novemba mpaka Mei. Wa juu ya mtaa wakaiga, na wa mtaa wa pili wakaiga wa juu. Miaka thelathini na mitano baadaye nyumba sabini zilikuwa zinafanya hivyo na vijana waliokua humo waliona ndivyo maji yalivyo. Hiyo ndiyo lita sita. Hakukuwa na ufa popote.

Gunnvor akaanza kuutafuta ufa usiokuwepo. Alisikia maji yanakimbia, bila shaka alisikia, sikio lake lilikuwa zima. Yalikuwa yanakimbia kwenye masinki ya watu na sauti inasafiri kwenye chuma. Alipiga misalaba minne katika mitaa ya pembeni na mimi nikachimba yote minne. Mikavu. Ijumaa nne, keki nne. Wenzangu wakaanza kumwuliza kama ana kandarasi na watu wa unga wa ngano. Stubberud alikata kipande chake cha nne akasema, kwa sauti ya upole ambayo ningemzaba kofi kwayo, kwamba barabara za mji hazitatosha kumalizia majaribio yake.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nakaa naye ndani ya katapila wakati wa kungoja malori ya changarawe. Alikuwa anapanda na chupa yake ya kahawa, ananimiminia mimi kwanza, anakata mkate wake wenye jibini ya kahawia, nusu ananipa. Sikuwahi kumwomba. Nilikula mkate wake na kumwombea ashindwe.

Msalaba wa tano aliupiga Bergsvingen yenyewe, mbele ya lango la Hjørdis Brekkmo, juu kabisa ya mwamba. Ningechimba pale, ndoo ya kwanza tu ingegusa bomba, na kila mtu angeuliza. Lakini theluji ilianguka usiku, sentimita thelathini, ikafunika mtaa mzima. Nikafika alfajiri kabla yake, nikachimba mwanzo wa mtaa, hatua sitini chini, mahali ambapo nilijua bomba liko kina cha haki. Alipofika shimo lilikuwa wazi na bomba linaonekana, zima, kavu, mita mbili na nusu.

Akasema si hapa alipoweka alama. Nikamwambia ni hapa, niliiona jana kwa macho yangu, labda amechanganya nguzo za taa. Alifungua daftari lake akatazama nguzo moja, akatazama nyingine. Nikaona anaanza kujitilia shaka, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumwona akijitilia shaka. Akafunga daftari. Akasema huenda amechoka. Ijumaa akaleta keki ya tano, na safari hii hakuna aliyecheka, ndiyo ikawa mbaya zaidi.

Hapo akabadili njia. Akaacha kusikiliza barabara, akaanza kubisha milango. Na watu wa Bergsvingen si watu wa kubishiwa mlango na idara. Mmoja alimwambia alipe kwanza lami aliyoivunja. Mwingine alimsikiliza mpaka mwisho kisha akafunga mlango. Aliyemkaribisha ni Hjørdis peke yake, bibi wa miaka themanini na sita, na pale jikoni Gunnvor akakuta uzi wa maji unateremka kwenye sinki. Hjørdis akamweleza bila kificho kwamba wote wanafanya hivyo, kwa sababu bomba liko juujuu pale na asiyefungulia ataganda.

Gunnvor alisimama pale jikoni akapiga hesabu. Jumapili iliyofuata akawaomba wote wafunge kwa muda wa saa moja tu, wakati wa mbio, na wengi wakakubali ili awaondokee. Kipimo cha kanda ya saba kikashuka kutoka lita sita hadi chini ya nusu lita. Stubberud alipopigiwa simu alikuja karakana siku ya mapumziko, amevaa suruali ya kutelezea. Akaandika barua kwa kila nyumba papo hapo: kuanzia kesho, mabomba yote ya jikoni yafungwe, na atakayekaidi atafungiwa mita. Kwa kalamu moja mji ungeacha kuwa mwekundu.

Ni Gunnvor aliyemzuia. Alisema kuna bibi kasema bomba liko juu. Stubberud akamwuliza kitabu kinasemaje. Kitabu kinasema mbili na nusu. Na shimo la tano lilisemaje? Mbili na nusu. Basi, akasema Stubberud.

Jioni hiyo Gunnvor alinifuata kwenye banda la mashine. Nilikuwa napaka grisi. Alisimama mlangoni na theluji mabegani, akangoja mpaka nimegeuka.

"Torleif, bomba la Bergsvingen mlilaza wewe na marehemu Aslak."

"Zamani hizo."

"Bibi Hjørdis anasema liko juu. Kitabu kinasema liko chini. Mimi kitabu sikiamini sana, na bibi amezeeka. Ndiyo maana nimekuja kwako. Kuna sehemu yoyote liko juu?"

Niliifikiria pensheni yangu, miaka mitano imebaki. Nilimfikiria mjane wa Aslak, ambaye bado anakaa mtaa wa chini na picha ya mumewe na pembe za elg ukutani. Nilifikiria utabiri wa hewa, kwamba wiki hiyo walitangaza joto. Nitasema pia nililolifikiria kwanza kabisa, kabla ya hayo yote: kwamba mwanamke huyu aliwahi kunisema kwa mchanga, na leo kaniletea shingo yake mwenyewe.

"Mbili na nusu," nikasema. "Kote."

Akashusha pumzi. Akasema asante, akanigusa bega, akaenda kumwambia mkurugenzi atume barua.

Joto walilotangaza halikuja. Jumatatu mabomba yakafungwa, Jumanne ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, Jumatano ishirini na saba. Alhamisi asubuhi Hjørdis akafungua bomba la jikoni likakohoa halafu likanyamaza. Kufika saa sita mchana nyumba thelathini na moja hazikuwa na tone. Lori la maji lilisimama mwanzo wa mtaa, wazee wakawa wanavuta madumu kwenye vigari vya theluji vya watoto, watu wanayeyusha theluji kwenye masufuria wapate ya kumwaga chooni. Walimkasirikia nani? Stubberud alikaa ofisini. Gunnvor ndiye aliyebisha milango yao, basi uso walioujua ni wake. Mtu alimwaga ndoo ya maji machafu kwenye kioo cha mbele cha gari lake, ikaganda, akaja kazini kwa miguu. Dukani mama mmoja alimwacha apange foleni kisha akamwambia keshia wazi, huyu asiuziwe maji ya chupa, anayo ya kwake mengi huko ardhini.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni kukawa na mkutano kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Nilikwenda. Sijui nilifuata nini, labda kuhakikisha jina langu halitajwi. Nilikaa safu ya tatu, koti sikulivua. Walimtolea povu saa nzima. Mzee mmoja alimwita mchawi wa kijiti, ukumbi ukacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Stubberud alisimama na viatu vyake akasema uamuzi wa kufunga ulitokana na ushauri wa kitaalamu wa Bi Sletteng, na kwamba tangu jioni hiyo ameondolewa kwenye kazi ya usikilizaji. Watu wakapiga makofi. Nawaambia, walipiga makofi kama kwenye mbio.

Gunnvor alikuwa amesimama kando ya ngazi za mazoezi zilizofungwa ukutani, kofia mkononi. Mtoto wa Hjørdis, jitu la miaka sitini, akanyanyuka akauliza ni nani hasa aliyemhakikishia kwamba bomba liko chini, ilhali mtaa mzima unajua liko juu, na mama yake alimwambia jikoni kwake.

Gunnvor aliuzungusha uso wake ukumbini. Ukafika safu ya tatu, ukasimama kwangu. Nikatazama magoti yangu. Nikamsikia anasema, "Nilisoma kwenye kitabu." Makofi yakaanza upya.

Jumamosi asubuhi nikaagizwa nichimbe Bergsvingen, mbele ya lango la Hjørdis, ili fundi apate kuliyeyusha bomba kwa mvuke. Ardhi ilikuwa ngumu, nikaivunja kwa tindo la mashine. Nilitegemea nitakuwa mimi na fundi tu. Lakini Gunnvor alikuja, kwa miguu, na kofia yake, ingawa hakuna aliyemwita wala si kazi yake tena. Alisimama ukingoni. Bomba likajitokeza mapema mno, hata mtoto angeona. Nikazima injini.

Aliteremka shimoni. Akaniita nishuke. Nikashuka, ningefanya nini? Akanipa ncha ya utepe wa kupimia nishike juu ya bomba, yeye akavuta mpaka usawa wa barabara akasoma kwa sauti: mita moja na sentimita tano. Chini ya bomba mwamba ulikuwa unaonekana, mweusi, umeshika barafu. Akautazama huo mwamba kwa muda mrefu. Halafu akatazama kule mwanzo wa mtaa, hatua sitini chini, kwenye kiraka cha lami cha shimo la tano, na nikaona amekwisha kuelewa yote, mpaka na nguzo za taa.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Aliandika kipimo kwenye daftari, akanipa kalamu nisaini, nikasaini, daftari akampelekea Stubberud. Mimi nikapewa barua ya onyo na kuachiwa katapila langu, kwa kuwa madereva ni wachache. Bergsvingen wakawekewa bomba jipya, limevikwa kinga ya baridi, wakafunga masinki yao, asilimia ikashuka, cheti kikaja. Gunnvor aliombwa arudi. Alikataa, akauza nyumba ya manjano, na sasa anasikiliza mabomba ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari. Sijawahi kumwandikia. Mtaani mpaka leo wanasema yeye ndiye aliyewagandisha, kwa sababu ukumbini walisikia jina lake na lile daftari hawakulisoma. Wiki iliyopita nimesikia tena dukani, nikalipia kahawa yangu nikatoka.

Lakini pale shimoni, kabla ya hayo yote, nilimrudishia kalamu yake nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimeshaandaa majibu, juu ya Aslak, juu ya mwamba, juu ya mchanga na miaka kumi na tisa. Aliukunja utepe taratibu, akauweka mfukoni.

"Nilikuuliza," akasema.

"Najua."

"Jana nilikuona umekaa safu ya tatu. Watu wote wale, sikuwa na hata mmoja. Nikakuona wewe." Alikuwa anavaa glavu zake, kidole kwa kidole. "Nikajisemea, afadhali, Torleif amekuja kwa ajili yangu."

Akapanda akatoka shimoni. Fundi wa mvuke akaniuliza kutoka juu kama aanze, nikapanda nimpishe.